Kamba, Ndizi na Chumba Chenye Madirisha

Mama mdogo wangu hajui kunong'ona. Amefanya kazi katikati ya mashine za kufulia tangu usichana wake, na mashine hizo zimemfundisha kwamba asiyepaza sauti hasikiki. Akiomba chumvi mezani, jirani wa ukuta wa pili naye huanza kutafuta ya kwake. Watu wa hospitali walimbandika jina la Pasi, kwanza kwa sababu kazi yake ni kunyoosha mashuka, pili kwa sababu ukimkaribia ukiwa na makosa utaungua. Jina hilo analipenda. Mimi ni mtoto wa dada yake, naishi kwake, nafanya kazi chini yake, namwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja.

Chumba chetu cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo la hospitali, mahali ambapo aliyelichora hakukumbuka kuweka hata tundu la kupitisha panzi. Mashine upande huu, vikaushio upande ule, katikati meza ndefu za kupigia pasi, na mvuke kila mahali. Miwani haikuvalika. Ukimwita mtu, humwoni anayekuitikia mpaka akugonge na kikapu. Jioni tulitoka humo tumekunjamana, sisi tunaokunjua nguo za watu, na Mama Mdogo ndiye aliyetangulia mlangoni, akivuta hewa kwa pua na mdomo kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Basi siku moja ikasikika kwamba chumba kikubwa cha juu yetu, kilichokuwa cha kunyooshea viungo vya wagonjwa, kimebaki kitupu kwa sababu wenyewe wamehamia jengo jipya. Mama Mdogo akapanda ngazi mbio na kikapu cha foronya mkononi. Aliporudi alikuwa anahema, macho yamemtoka pima.

"Kina madirisha pande mbili!" akapiga kelele. "Mbili! Na bomba la maji limo! Nimemwona mtu nje anapita na baiskeli, nikampungia mkono, naye akanipungia!" Akaketi juu ya kikapu, akajipepea kwa foronya. "Nakitaka kile chumba, jamani. Nakitaka kuliko nilivyomtaka mume wangu."

Tatizo ni kwamba mume wake naye alikitaka.

Baba mdogo ni mpishi mkuu wa hospitali hiyohiyo. Ni mtu mpole, tumbo lake limetangulia kidogo, na akipika huimba kwa puani nyimbo zisizo na maneno. Ghala la jikoni lilikuwa linavuja. Unga ulifanya mabonge na viazi viliota vichipukizi kabla ya kufika kwenye sufuria. Kwake, kile chumba kilikuwa ghala aliloliombea dua. Wote wawili wakaenda kwa Katibu wa hospitali, mmoja kwa sauti, mwingine kwa upole, na Katibu, ambaye ugomvi humuumiza kichwa, akawasikiliza mpaka akakishika kichwa chenyewe kwa mikono miwili.

Kila mwaka wafanyakazi tuna siku ya michezo, na kilele chake ni kuvuta kamba. Mshindi hupewa seti ya vikombe ambavyo hakuna anayevinywea. "Mwaka huu," Katibu akasema, "jikoni watavutana na wafuaji, na atakayeshinda kamba atachukua chumba. Sitaki kusikia neno lingine." Mama Mdogo akasema neno lingine, refu, lakini jambo lilikuwa limekwisha amuliwa. Tukishindwa, tunabaki kwenye mvuke mpaka Mama Mdogo astaafu.

Sasa lazima nieleze mambo ya nyumbani, maana vita vilihamia huko jioni ileile. Katika ndoa yao Mama Mdogo hajawahi kuwasha jiko, na Baba Mdogo hajawahi kushika pasi. Yeye anapika, huyu ananyoosha, hata soksi. Nguo zao huwa zimenyooka na matumbo yao yamejaa, na watu wanaowacheka nyuma ya migongo yao wana mikunjo na njaa. Kwa hiyo kapteni wetu alikuwa anakula kila siku kutoka mikononi mwa kapteni wa wapinzani.

Siku ya kwanza Mama Mdogo alikuja mazoezini akiwa ameshiba kupita kiasi. Aliamini kwamba nguvu ni chakula, na chakula kingi ni nguvu nyingi, hesabu imekwisha. Mchana alikuwa amekula wali, nyama, viazi vya kukaanga, akaongeza wali, akafunga kazi kwa kipande cha keki. Tukatoka nyuma ya jengo kwenye kamba za kuanikia, tukakamata kamba yetu, tukavuta mara moja. Mara moja tu. Mama Mdogo akaiachia, akajilaza chali kwenye nyasi, akashikwa na kwikwi ambayo ilisikika mpaka wodi ya wazazi.

"Nipeni... hik... dakika," akasema. "Wali bado... hik... haujakaa sawa."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mmoja wetu, mkunjaji mwenye umri kama wa mama yangu, tunayemwita Bibi Foronya, akatikisa kichwa na kusema, "Shibe mwana malevya."

Mama Mdogo si mtu wa kufanya kosa lilelile mara mbili. Safari ya pili akafanya kosa la upande wa pili. Alifunga tangu asubuhi, hata chai hakugusa, ili awe mwepesi. Kweli alikuwa mwepesi! Tulipoanza kuvuta alipepesuka, akasema anaona nyota, tukamdaka na kumweka ndani ya kapu la mashuka machafu, miguu juu. Muuguzi aliyepita hapo akauliza kama tunampeleka kufuliwa.

"Na njaa mwana malegeza," akamalizia Bibi Foronya, ambaye hapendi methali ibaki nusu.

Ndipo tukamburura kwa Dada wa Lishe, mtaalamu wa chakula wa hospitali, binti mwembamba kama sindano ya kudarizi, mcheshi, ofisi yake iko jirani na dirisha la dawa. Alimsikiliza Mama Mdogo akieleza habari za wali na za nyota, akajikaza asicheke, akashindwa, akaomba radhi, akacheka tena.

"Mama, sikiliza," akasema alipopata pumzi. "Chakula kamili kula mapema, yapite masaa mawili matatu kabla hujavuta. Wali wa kiasi au viazi, maharage kidogo, mboga. Mafuta mengi hapana, yanakaa tumboni kama mgeni asiyeaga. Ikibaki kama nusu saa, kula ndizi. Moja! Maji kidogo kidogo, sio ndoo nzima kwa mkupuo."

"Na baada ya kuvuta?"

"Baada ya kuvuta usikae na njaa. Yai, maharage, maziwa, samaki, chochote cha kujenga mwili, pamoja na viazi au mkate wa kurudisha nguvu. Misuli umeichosha, sasa ilipe."

Mama Mdogo alitoka pale kama mtu aliyepewa amri ya jeshi. Kuanzia siku hiyo, muda ukifika, alisimama juu ya kiti katikati ya mvuke na kunguruma, "NDIZI!" Kila mtu alizima pasi, akamenya, akala. Maganda tuliyakusanya kwenye ndoo, kwa sababu mara ya kwanza hatukuyakusanya na mimi nilisafiri kutoka meza ya pasi mpaka mlangoni bila kuinua mguu. Mgonjwa mmoja wa wodi ya juu aliuliza kama huko chini tumefuga tumbili.

Na tulipata nguvu, wallahi. Mchana hatukusinzia. Jioni tulivuta na bado tulikuwa na pumzi ya kuchekana. Hapo Mama Mdogo akagundua jambo lililokuwa mbele ya macho yetu miaka yote. Sisi shuka hatulikunji ovyo. Wawili wanashika ncha, mmoja huku na mmoja kule, wanarudi nyuma hatua, wanalivuta kwa pamoja kwa nguvu ili linyooke, na anayeongoza hutoa sauti: "Nyoosha!" Tunafanya hivyo asubuhi mpaka jioni, mashuka ya hospitali nzima.

"Enyi wanawake!" akapiga kelele siku moja, shuka mkononi. "Sisi kazi yetu ni kuvuta! Sisi tunavuta tangu lini?" Akakimbia huku na huku akimkumbatia kila mtu, na mimi akanikumbatia mara mbili. Tangu hapo tukavuta kamba kama tunavyovuta shuka, wote kwa mguu mmoja, kwa sauti moja.

Nyumbani, hata hivyo, mambo yalienda mrama. Baba Mdogo aliona mke wake anarudi amechoka, na mpishi akiona mtu amechoka ana dawa moja tu. Jioni moja aliweka mezani nyama iliyoogelea kwenye mchuzi wa siagi, viazi vya kukaanga vilivyopangwa kama matofali, na keki. Siku iliyofuata tulikuwa na mazoezi alfajiri. Mama Mdogo akasimama, mikono kiunoni.

"Unanipaka mafuta ndani ili niteleze!"

"Mke wangu," akasema Baba Mdogo, kijiko bado mkononi, "nimekupikia hivi tangu tuoane."

"Tangu tuoane hukuwa adui yangu!"

"Mimi adui?"

"Kapteni wa jikoni ni nani? Ni huyu mwanao hapa?" Akaninyooshea kidole, nami nikainamia sahani yangu. "Sili tena chakula chako mpaka kamba iamue."

Baba Mdogo alichukua sahani ya mke wake, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kabatini taratibu kana kwamba kuna mtoto amelala ndani yake. Niliumia kumwona. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumwambia mkewe "nakupenda" mbele yangu, ila kila jioni ya maisha yangu pale nimemwona akimchagulia kipande kizuri cha nyama kabla ya kujichagulia chake. Sasa hakuwa na wa kumchagulia.

Mama Mdogo akaanza kujipikia. Mungu atusamehe sote. Mayai aliyabandika akayasahau mpaka maji yakakauka, na moja likapasuka kwa mlio uliomtoa jirani nje na taulo. Maharage yake yaligongana sahanini kama shanga. Baba Mdogo alizunguka mlangoni pa jiko, mikono nyuma, akiteseka.

"Chumvi," alisema kwa upole.

"Nyamaza, adui."

"Na moto uko juu sana."

"Adui, nimesema nyamaza!"

Lakini niliona anavyoyatafuna maharage yale huku macho yake yako kabatini. Alikuwa na hamu ya chakula cha mume wake na alikuwa na hamu ya chumba, na Mama Mdogo akishapiga moyo konde hageuki. Alikula mawe yake akayamaliza.

Siku ya michezo ikafika. Uwanja uliokuwa nyuma ya wodi ulijaa wauguzi, madaktari, madereva na walinzi. Wagonjwa wanaoweza kusimama walijaa madirishani, na wasioweza walisimuliwa na wenzao. Wapishi walitokea upande wao, na moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili. Ni watu wanaoinua masufuria makubwa kila siku. Mikono yao ni minene kama mapaja yangu. Isitoshe, karamu ya baada ya michezo, ya wafanyakazi wote, ilikuwa juu yao, na tangu kulipokucha harufu ilikuwa inatutia wazimu.

Dada wa Lishe, ambaye wapishi nao walikuwa wamemwomba ushauri, akapita kukagua timu zote mbili.

"Mmekula nini?" akatuuliza.

"Wali kidogo na maharage, asubuhi! Ndizi, sasa hivi!" tukajibu kwa pamoja.

"Na nyinyi?"

Wapishi wakaweka mikono vifuani. "Hatujatia kitu mdomoni kama chakula," akasema Baba Mdogo. "Tulipata uji alfajiri, kama ulivyosema. Basi." Na alikuwa anaamini kabisa anachosema; ninamjua, hawezi kusema uongo bila kujikuna sikio.

Mivuto ilikuwa mitatu, atakayeshinda miwili amechukua. Mke na mume wakasimama mbele kabisa, uso kwa uso, kamba katikati yao. Mama Mdogo hakumtazama. Filimbi ikalia, na kabla sijajua kama tumeanza, wapishi walikuwa wametukokota kama kapu la foronya. Jikoni wakarusha aproni hewani. Mama Mdogo alikuwa ameangukia magoti, na nilimwona akiyatazama madirisha ya kile chumba, yaliyokuwa yanaonekana kutoka uwanjani. Alikuwa karibu kulia.

Akainuka. "Maji, kidogo kidogo!" akaamuru. "Na hakuna anayelia mpaka nilie mimi!"

Wakati tunakunywa mafunda yetu, niliwatazama wapishi. Walikuwa wameegemeana. Mchoma nyama wao, jitu zima, alikuwa amefumba macho na anapumua kwa kuhesabu. Mwoka mikate amejishika ubavu.

Mvuto wa pili. "Shika ncha!" akanguruma Mama Mdogo. "Hatua! Nyoosha! Hatua! Nyoosha!" Tukarudi nyuma wote kwa mguu mmoja. Kamba ikasimama. Kutoka upande wa pili ikasikika sauti ndefu, nzito, kama mfuniko wa sufuria unaonyanyuliwa na mvuke. Ilikuwa mbweu ya mchoma nyama. Baada yake akabeua mwingine, na mwingine, na kila aliyebeua alilegea. Tukashinda, moja kwa moja!

Mvuto wa tatu haukuwa wa haki, nakiri. Mchoma nyama alivuta kwa mkono mmoja, mwingine uko tumboni. Mwoka mikate aliachia kabisa, akaomba udhuru, akakaa. Baba Mdogo alibaki amekaza meno, uso umemtoka jasho, visigino vinachimba mtaro, na mke wake anapiga kelele "Nyoosha! Nyoosha!" mpaka kamba ikaja yote kwa ghafla na sisi tukaanguka chali, mmoja juu ya mwenzake, rundo la miguu na vicheko. Tumeshinda! Tumeshinda! Bibi Foronya alikuwa chini kabisa na alikuwa anacheka kuliko wote.

Dada wa Lishe akawajia wapishi, waliokuwa wamelala kwenye nyasi wakiugulia.

"Niambieni ukweli. Mmekula nini?"

"Hatujala!" akalia mchoma nyama. "Tumeonja tu!"

"Mmeonja nini?"

Ikawa kama mlango wa ghala umefunguliwa. Mchuzi waliuonja kama una chumvi, wakauonja tena baada ya kuongeza chumvi, kisha wote wakauonja kwa sababu walibishana. Wali ulikuwa sufuria nyingi, na huwezi kujua sufuria hii kwa kuonja ile. "Na nyama," akasema mchoma nyama, "utajuaje kipande kimeiva mpaka mwisho bila kukifikisha mwisho?" Viazi vilionjwa vya juu na vya chini. Keki ilikatwa pembeni ili ikae sawa, ikakatwa upande wa pili ili ilingane na ule wa kwanza. Uwanja mzima ulikuwa umeangua kicheko. Muuguzi mmoja akafuta machozi akisema, "Haba na haba!" na umati ukamwitikia, "Hujaza kibaba!"

Wala hawakuwa wanadanganya. Kwa mpishi, kula ni kukaa chini na sahani mbele yako. Kinachoingia kwa kijiko umesimama, hicho ni kazi.

Baba Mdogo akajiinua, akamnyooshea mke wake mkono. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, akaketi tena haraka.

Katibu akamkabidhi Mama Mdogo ufunguo, akaahidi mbele ya watu kwamba paa la ghala la jikoni nalo litazibwa, na Mama Mdogo hakungoja mwisho wa hotuba. Alikimbia. Tulipomfikia alikuwa ameshafungua madirisha yote ya kile chumba na anatoka kwenye hili kwenda kwenye lile, akisalimia kila anayepita, anayemjua na asiyemjua. Wenzangu wakakimbilia karamu. Yeye akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na pua yake ikaifuata harufu ya karamu iliyoingia madirishani.

"Twende ukale, Mama Mdogo."

"Tangulia," akasema. Nikajua anachokiogopa. Chakula chote cha uwanjani kilikuwa cha mume wake, aliyemwita adui.

Sikutangulia. Baada ya kitambo Baba Mdogo akaingia, polepole, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika sahani iliyofunikwa. Akaiweka sakafuni mbele ya mke wake, akafunua. Mayai ya kuchemsha yaliyomenywa. Maharage laini. Viazi visivyo na tone la mafuta. Chungwa limegawanywa vipande.

Mama Mdogo akaitazama. "Hiki si chakula cha karamu."

"Hapana. Nilimuuliza yule dada unatakiwa ule nini ukimaliza kuvuta. Nilikutengea asubuhi, kabla sijapika cha mtu mwingine."

"Kwa hiyo ulijua nitashinda."

"Nilikuwa na hakika utashindwa," akasema Baba Mdogo. "Hilo ghala nilikuwa nimeshalipanga kichwani, unga kule, viazi hapa ulipokaa."

"Sasa sahani ya nini?"

Baba Mdogo akamshangaa kweli. "Kwani ukishindwa husikii njaa?"

Mama Mdogo akachukua yai, akalitia lote mdomoni. Akala akilia na akicheka, makombo kifuani, akachota maharage kwa kijiko, akafumba macho. Mumewe akajishusha taratibu akaketi sakafuni kando yake. Mama Mdogo hakubakiza kitu, hata kipande kimoja cha chungwa.

"Kesho nipikie," akasema, akimrudishia sahani.

"Na leo jioni?"

"Na leo jioni."